Amana ya Chiriku

Habari hii alinipa fundi cherehani mwenyewe, mwaka jana, wiki ile mvua zilipokatika. Nilikwenda kwake kupunguziwa gauni, maana umri huu mwili unapungua lakini nguo hazina habari. Alikuwa anashona huku anasimulia. Mara mbili alisimamisha mguu kwenye pedali, kisha akaendelea. Nami naiandika kama nilivyoisikia.

Nyumba ya Fundi ina vyumba viwili na baraza la mbele. Barazani pana cherehani, meza ya kukatia nguo, na misumari ya kutundikia nguo za wateja. Wanaishi watu wanne. Yupo Fundi. Yupo mume wake, mwokaji wa mikate, anayetoka alfajiri na kurudi alasiri ananukia hamira. Yupo mama wa mume, ambaye wote wanamwita Bibi. Na yupo binti yao wa miaka saba.

Binti huyo wanamwita Chiriku. Jina la shule analo, lakini nani analitumia? Mtoto anaanza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri. Anaongea akipiga mswaki. Anaongea na chakula mdomoni.

"Chiriku, meza kwanza, halafu useme," Bibi humwambia.

"Nikimeza nitasahau, Bibi."

Lakini Chiriku ana pumu. Pakiwa na baridi, vumbi au moshi, kifua chake kinabana. Kliniki walimpa pampu ya dawa, kile kidude kidogo cha kuvuta kwa mdomo. Pampu yake ilikaa kwenye droo ya cherehani, karibu na mkono wa mama yake.

Mtaa wao uko bondeni. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji unafurika na maji yanaingia majumbani. Kwa hiyo watu wa mtaa walishauriwa kila nyumba iwe na begi la dharura. Fundi hakuchelewa. Alichukua begi kuukuu la shule. Akatia tochi na betri zake, chupa za maji, biskuti, kiberiti, sabuni, blanketi, na nakala za vitambulisho. Akatia na pampu ya pili ya Chiriku, mpya, ndani ya boksi lake. Akalitundika begi nyuma ya mlango.

Jioni aliwaita wote.

"Mnaliona hili? Hii ni akiba yetu. Siku ya dhoruba tunabeba, tunaondoka. Sawa?"

"Sawa," wakajibu wote. Chiriku alijibu mara tatu.

Miezi ikapita. Begi likawa pale pale nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, halionekani.

Siku moja baada ya saa tisa mchana, mbingu ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Upepo ukaanza kupeperusha mabati. Gari lenye kipaza sauti likapita taratibu.

"Wakazi wa bondeni, ondokeni sasa! Nendeni shule ya msingi! Msisubiri maji!"

Mwokaji alikuwa ameshafika nyumbani. Alizima swichi kubwa ya umeme. Fundi alilishusha begi, akafungua zipu kidogo. Juu kabisa akaliona boksi la pampu, lile jeupe lenye maandishi ya buluu. Moyo wake ukatulia. Akafunga zipu.

Droo ya cherehani ilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokuwa. Hakuifungua. Ya nini, na boksi limo begini?

"Mama, twende!" Mwokaji akaita. "Mama, unafanya nini huko?"

Bibi alitoka chumbani na sanduku la bati kichwani. Lilikuwa la mpangaji wao wa zamani, fundi saa, aliyehama miaka tisa iliyopita akaomba atunziwe sanduku lake hadi atakaporudi.

"Mama! Maji yanakuja, wewe unabeba sanduku la watu?"

"Ndiyo hivyo. La watu. Lingekuwa langu ningeliacha."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Wakaenda.

Darasani walikuwamo watu kama thelathini. Madawati yalisukumwa ukutani. Sakafu ilikuwa na maji ya miguu ya watu. Bibi alikaa juu ya sanduku la fundi saa kama askari wa zamu. Chiriku alilowa mabega, lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi.

"Mama, madawati ni kumi na saba. Moja halina mguu. Mama, yule mzee amevaa viatu viwili tofauti. Mama, kwa nini ubao una..."

Akanyamaza.

Fundi aligeuka haraka. Chiriku akinyamaza katikati ya neno, mama yake anajua. Mtoto alikuwa ameinua mabega. Shingo ilikuwa inaingia na kutoka. Pumzi ilikuwa inatoa sauti nyembamba kama filimbi.

"Pampu," Fundi akasema. Akafungua begi, akachukua boksi, akalifungua.

Halikuwa na kitu.

Alilitikisa. Akaingiza kidole. Ndipo akakumbuka. Miezi miwili nyuma pampu ya droo iliisha, na kliniki ilikuwa imefungwa siku hiyo. Akachukua ile ya begini. Boksi akaliacha mle mle. Aliliacha makusudi, ili akiliona akumbuke kurudisha. Sasa pampu ilikuwa nyumbani kwenye droo, na maji yalikuwa njiani.

"Nakwenda kuichukua," Mwokaji akasema.

"Huendi popote." Sauti hiyo ilikuwa ya jirani yao wa nyumba ya tatu. Mama huyo anatunza stoo ya dawa katika hospitali, na mtaa mzima wanamwita Bi Stoo. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Chiriku. "Maji yanayokwenda kasi hayaulizi kama wewe ni mwanamume. Kaa hapa. Shoga, mkalishe mtoto wima, usimlaze. Fungua kifungo cha shingoni. Watu, sogeeni, mpeni hewa! Chiriku, nitazame mimi. Vuta polepole. Usiseme kitu, leo tunakupa likizo."

Kisha akasimama, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ghalani. "Mhudumu wa afya! Mhudumu wa afya yuko darasa gani?"

Mhudumu alikuwa darasa la tatu kutoka pale, na sanduku lake la huduma ya kwanza. Alikuja mbio. Alikuwa na pampu ya aina ile ile. Alimsaidia Chiriku kuvuta, akasubiri, akamsaidia tena. Fundi alikuwa ameshika mguu wa mtoto. Aliniambia kwamba dakika zile alihesabu vidole vya mguu ule, mmoja mmoja, akarudia, akarudia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mabega ya Chiriku yakaanza kushuka. Filimbi ya kifuani ikapungua.

"...maandishi," Chiriku akasema mwishoni. "Kwa nini ubao una maandishi ya jana?"

Fundi akalia. Bi Stoo akaliokota lile boksi jeupe sakafuni.

"Mimi siamini boksi," akasema taratibu. "Stoo nikipokea maboksi mia, naingiza mkono ndani. Lisiloingizwa mkono, silihesabu."

Usiku ule walikuta mengine. Tochi haikuwa na betri. Biskuti hazikuwamo. Chupa za maji zilibaki mbili, moja nusu. Walipewa vya watu, wakashukuru. Asubuhi maji yalipungua, wakarudi nyumbani kusomba tope.

Jumamosi Bi Stoo alikuja na daftari lake. Wote wanne walikaa barazani. Begi lilikuwa katikati ya mkeka, limelegea kama kuku aliyenyonyolewa.

"Haya," Bi Stoo akasema. "Sikuja kugombeza. Nataka kujua mali ilitokaje. Betri?"

Mwokaji akakuna kichwa. "Mimi. Niliziweka kwenye redio. Siku ile ya fainali."

"Fainali ilikuwa lini?"

"Miezi mitano."

"Redio ilizimeza? Biskuti?"

"Mimi," Bibi akasema bila aibu. "Wageni walikuja ghafla. Ningewapa nini, mawe?"

"Maji?"

"Mimi na mimi na mimi," Chiriku akasema. "Nilikuwa narudi shule na kiu, chupa nyingine ziko mbali."

"Kiberiti ni mimi," Fundi akasema. "Na pampu ni mimi. Hao wengine walichukua vitu vidogo. Mimi nilichukua pumzi ya mtoto." Akavuta uzi uliotokeza mkekani. "Lakini niliwaambia! Niliwaambia wote kwamba hii ni akiba!"

Bi Stoo akaweka kalamu chini. "Akiba ya nani, shoga?"

"Yetu."

"Akiba ni ya kufanyia nini?"

"Ukikwama, unachukua."

"Basi kila mtu alikwama, akachukua chake. Hakuna mwizi hapa. Mlifanya sawasawa na neno mlilopewa."

Wote wakalitazama begi. Hata Chiriku.

"Tutie kufuli?" Mwokaji akauliza.

"Halafu siku ya dhoruba mtafute ufunguo?"

Bibi akakohoa. "Chini ya kitanda changu kuna sanduku la fundi saa. Miaka tisa. Halina kufuli, lina kamba tu. Nani kati yenu amewahi kulifungua?"

"Ah, mama, hilo ni amana," Mwokaji akasema. "Nani atafungua amana?"

Mara akasita. Wakatazamana.

"Rudia," Bi Stoo akasema.

"Nimesema hilo ni amana. Si letu, tumewekewa tu."

Bi Stoo akapiga paja. "Miaka kumi na minane niko stoo, kanuni hii sijafundishwa! Bibi, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa. Hamkuniuliza."

"Lakini amana lazima iwe ya mtu," Fundi akasema. "Hili begi ni la nani?"

Chiriku akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Langu. La kifua changu."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. Akakaa vizuri, akatengeneza kanga mabegani. "Basi sema kama watu wanavyosema."

Chiriku akalibeba begi kwa mikono miwili. Akaliweka mbele ya miguu ya Bibi. "Bibi, naomba uniwekee amana yangu."

"Nimeipokea," Bibi akasema. "Atakayeigusa atanikuta."

Sasa likaja suala la kulijaza. Bi Stoo alieleza polepole, Fundi akaandika.

"Kwanza, begi libebwe na mtu mmoja anayetembea haraka. Likiwa zito sana mtaliacha njiani. Maji ya kunywa ya siku moja mbebe. Mengine mtunze nyumbani, kwenye madumu yenye vifuniko, mahali pa juu, yawatoshe siku tatu. Kila mtu mnamhesabia kama lita nne kwa siku, za kunywa na kupikia. Tieni na vidonge vya kusafishia maji, mfuate maelezo ya paketi."

"Chakula?"

"Kisichohitaji moto. Biskuti, karanga, maziwa ya unga. Mkitia cha kopo, mtie na kifungulio. Nimeona watu wakilitazama kopo siku nzima kama picha. Betri zikae nje ya tochi, kwenye nailoni, zisije zikavuja ndani. Pawabenki ya kuchajia simu, iliyojaa chaji. Filimbi ya kuitia msaada. Sabuni, taulo za kike, nguo kavu ya kila mtu. Nakala za vitambulisho na kadi za kliniki ndani ya nailoni isiyoingia maji. Namba za simu mziandike kwenye karatasi, maana simu ikizima, nani anakumbuka namba hata ya mume wake?"

Fundi alijaribu kuikumbuka ya mume wake. Alikwama kwenye namba ya nne. Mwokaji akacheka, kisha akajaribu ya mke wake, akaacha kucheka.

"Na dawa," Bi Stoo akaendelea. "Nendeni kliniki mkaeleze mnahitaji pampu mbili, moja ya nyumbani, moja ya begi. Ya begi msiitoe. Lakini hata mkiwa nayo, ile ya droo pia mwondoke nayo. Bibi, na miwani yako ya zamani itie humo. Tena, mkae mjue: kila mtu akiwa mahali pake dhoruba ikaja, mnakutana wapi?"

"Nyumbani," Mwokaji akasema.

"Nyumbani bondeni? Mnakimbia maji mnayafuata?"

"Shuleni," akasema Fundi. "Darasa lile lile. Baba Chiriku, ukiwa kazini, usije huku. Njoo moja kwa moja kule."

Wiki ile Fundi alishona begi jipya la turubai. Alilishona kwa akili ya kazi yake. Nje aliweka mifuko sita ya nailoni ngumu, ile inayoonyesha ndani. Pampu haikukaa ndani ya boksi tena. Ilikaa mfukoni, pamoja na kipande cha karatasi chenye tarehe ya kuisha nguvu. Mfuko mtupu ungeonekana hata ukiwa mlangoni. Begi akalitundika juu ya kitanda cha Bibi, mbali na jua. Sanduku la fundi saa wakalizungushia nailoni, wakalipandisha juu ya kabati. "Hapo maji hayafiki," Mwokaji akamwambia mama yake. "Dhoruba ikija, mikono yako iwe na mtoto."

Bibi alilinda. Mwokaji alikuja siku moja, umeme umekatika, akaomba kiberiti.

"Kiberiti kipo dukani."

"Mama, kimoja tu. Nakirudisha sasa hivi."

"Umemwomba mwenyewe?"

Mwokaji akaenda kumwomba binti yake. Chiriku akamwambia kipo dukani.

Shida ikawa Bibi alizidisha. Baada ya miezi sita Bi Stoo alikuja kukagua. Akasoma tarehe za biskuti. "Bibi, hizi zimebakiza wiki tatu. Zitoeni, mle."

"Amana haiguswi."

"Bibi yangu, amana ikiharibika mikononi mwako, mwenyewe utamjibu nini? Sisi stoo tunafanya hivi: kipya kinaingia kwanza, ndipo cha zamani kinatoka. Mfuko haukai mtupu hata dakika moja. Maji pia mbadilishe. Kila miezi sita, siku hiyo hiyo, mkono ndani."

Bibi alifikiri sana. "Kipya kiingie mbele ya macho yangu."

"Mbele ya macho yako."

Biskuti mpya zikaingia. Za zamani zikatoka. Chiriku alizila huku anaeleza utaratibu wote kwa mtoto wa jirani.

Msimu uliofuata dhoruba ilikuja saa tano asubuhi. Mwokaji alikuwa kazini, mikate iko motoni. Gari la kipaza sauti lilipopita, Fundi alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya mteja. Aliiacha sketi. Akazima swichi kubwa ya umeme, akafunga gesi. Akafungua droo, akatia pampu mfukoni mwake. Bibi alikuwa ameshasimama na begi.

"Mkono ndani," Bibi akasema.

Fundi akaingiza mkono mfuko wa kwanza. Pampu. Ilikuwa baridi, ngumu, nzito kidogo. Akaitikisa, ikatoa sauti ya dawa ndani. Akairudisha.

"Ipo, mama."

Waliondoka kabla maji hayajaanza kupita barabarani. Hawakukimbia. Njiani Chiriku alieleza wapita njia watatu mahali shule ilipo, ingawa wawili kati yao walikuwa walimu.

Mwokaji aliwakuta darasani, unga bado nyuma ya masikio. Hakupitia nyumbani. Walikunywa maji yao. Walikula karanga zao. Redio ya mtu mmoja ilikosa betri, Mwokaji akamtazama mama yake.

"Hata usiulize," Bibi akasema.

Jioni baridi iliingia, na Chiriku akanyamaza katikati ya neno. Watu wa darasani hawakuona kitu. Mama yake alimkalisha wima, akatoa pampu, akamsaidia kuvuta kama kliniki walivyowafundisha. Wakasubiri. Haikupita muda, mtoto akamalizia neno lake. Bi Stoo, aliyekuwa kona ya pili, aliinua kichwa, akatazama, akaendelea kula biskuti zake.

Kesho yake mchana walirudi. Maji yalikuwa yameingia mpaka kimo cha kifundo cha mguu, yakatoka. Sanduku la fundi saa lilikuwa kavu. Wakafagia, wakakausha, wakawa hoi. Mwokaji aliegemea gunia la nguo, akaanza kukoroma jua bado liko juu. Chiriku alijilaza kwenye kitanda cha Bibi. Akawa anamweleza jinsi atakavyoisimulia shule nzima dhoruba ile, akaanza na mawingu, akafika kwenye gari la kipaza sauti, na hapo usingizi ukamkatiza. Fundi akatandika mkeka pembeni.

"Lala na wewe, mama. Tutapanga kesho."

"Begi limepungua," Bibi akasema. "Karanga hazipo. Maji hayapo. Nilale na amana ya mtu pungufu?"

Fundi akainuka. Akaleta karanga kutoka kabatini, akajaza chupa kutoka kwenye dumu la juu. Akatia pawabenki kwenye chaji na kuahidi kuirudisha. Kisha akarudi mkekani, na macho yake yakajifumba kabla kichwa hakijafika kwenye mto.

Bibi akabaki peke yake. Aliingiza mkono mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa sita. Akarudi wa kwanza, akaigusa pampu tena. Akalitundika begi mahali pake. Akasikiliza kifua cha mjukuu wake kwa muda, kikipanda na kushuka bila filimbi. Halafu akavua kanga ya mabegani, akamfunika, akajinyoosha pembeni yake, naye akalala.